Kwa nini Barnaba na Sauli walianzia Kipro

Kila mwaka darasani kwangu yupo anayedhani kwamba Barnaba na Sauli walitoka Antiokia ya Shamu wakiwa wameoneshwa kila kituo cha safari. Soma tena mwanzo wa Matendo ya Mitume sura ya 13. Manabii na walimu watano wamo katika ibada na kufunga, mmoja wao Lukio wa Kirene, mji wa Libya ya leo. Roho Mtakatifu anawaagiza wawatenge hao wawili kwa kazi aliyowaitia. Waende wapi? Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hasemi. Wala hasemi sauti ilisikikaje. Mimi nadhani nabii mmojawapo ndiye aliyeitamka.

Wakawekewa mikono, wakateremka Seleukia bandarini, wakatweka kuelekea kisiwa cha Kipro. Na Kipro ndiko alikozaliwa Barnaba. Waumini waliokimbia mateso baada ya Stefano kuuawa walikwisha kufika huko, na Salami kulikuwa na masinagogi ya kuanzia. Wito ulitoka juu. Njia, kwa maoni yangu, waliichagua kwa kujua bahari na jamaa zao.

Huko Pafo liwali Sergio Paulo akaamini. Kisha wakavuka hadi Perge, wakapanda milima ya Tauro mpaka Antiokia ya Pisidia, mji wa mbali bara. Wahubiri wengi hupita hapa haraka. Eneo hilo limepatikana jiwe lililochongwa jina la ukoo wa Sergio Paulo, na baadhi ya wanahistoria wanahisi liwali ndiye aliyewaelekeza kwa ndugu zake. Ni dhana tu, ila inanishawishi.

Safari iliyofuata Paulo, ndiye Sauli yule, alikuwa na Sila, baadaye na Timotheo. Roho akawakataza kuhubiri katika jimbo la Kirumi la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo, akawazuia wasiingie Bithinia. Mamia ya kilomita, na mwongozo wote ni makatazo! Wakatokea Troa, mbele yao bahari. Usiku Paulo akaona katika maono mtu wa Makedonia akiomba msaada, na wenzake wakakubaliana naye kwamba huo ni wito wa Mungu.

Walipofika Filipi, mji wa Makedonia, hawakumkuta mwanamume yule. Siku ya sabato walikuta wanawake kando ya mto, na aliyeamini kwanza ni Lidia, muuza nguo za zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira iko katika jimbo lilelile la Asia walilokatazwa.