Je, wajua kwa nini kamstari kafupi ka Biblia kanaweza kukubeba wiki nzima?

Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp kuna shangazi yetu mmoja, kila siku saa kumi na moja alfajiri, wenzie tumelala, yeye ashatuma mstari. Hatumi mahubiri, hatumi voisi ya dakika nane, ni mstari mmoja na namba yake basi. Miaka mingi mi nilikuwa nauchukulia kama ile meseji ya mtandao kwamba bando lako linakaribia kuisha, yaani nimeona, napita. Mpaka mwaka mmoja mkataba wangu wa kazi ukaisha na hawakuniongezea, nikawa nyumbani mwezi wa tatu huo, kodi inakuja, asubuhi moja nafungua simu nakuta "Huenda kilio huja kukaa usiku, Lakini asubuhi huwa furaha", Zaburi 30:5. Maneno tisa tu. Na hapo watu kibao walishakaa na mimi wakaniambia mengi ya kunitia moyo, wengine saa nzima, yote yaliingia huku yakatokea kule, ila hayo tisa nikatembea nayo wiki nzima, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, nikiosha vyombo. Ndo nikaanza kujiuliza hivi inakuwaje.

Kitu cha kwanza nilichokuja kujua kikanishangaza: walioandika Biblia hawakuandika mistari. Paulo aliandika barua, tena mtu wa kupeleka yuko anasubiri, hakukaa akasema sasa naandika nne kumi na tatu. Sura tulizonazo leo zinatajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa mwalimu Paris halafu akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, huyo alifariki 1228. Namba za mistari ya Agano Jipya zilikuja baadaye kabisa, mwaka 1551, aliyeziweka ni mchapaji wa vitabu anaitwa Robert Estienne, na mwanae alikuja kusimulia kwamba mzee aliifanya hiyo kazi akiwa safarini kati ya Paris na Lyon, tena juu ya farasi. Kuna utani wa wasomi kwamba pale mstari ulipokatwa vibaya ni farasi alijikwaa. Wayahudi wenyewe walikuwa na alama za kuonyesha mstari unapoishia kwenye Maandiko yao ya Kiebrania zamani sana, ila namba hazikuwepo. Kabla ya hapo ukitaka kunukuu unasema tu imeandikwa. Aliyeandika Waebrania pale sura ya pili ananukuu Zaburi ya 8 na anasema kuna mtu ameshuhudia mahali fulani, mahali fulani jamani, hata yeye!

Kwa hiyo hii ya kuchomoa mstari mmoja ukauweka stetasi na namba yake ina miaka kama mia tano tu. Lakini kubeba kipande kidogo cha andiko mdomoni ni kwa zamani mno, na hapo kuna siri ambayo sisi Waswahili tutaielewa haraka kwa sababu tumelelewa na mashairi.

Shairi letu linasimama kwa vina na mizani, si ndio? Ukilipeleka lugha nyingine vina vinakufa palepale. Zaburi zina ushairi pia ila ushairi wake haukukaa kwenye sauti za mwisho, umekaa kwenye maana. Mshairi anasema jambo, halafu anageuka analisema tena kwa sura nyingine au anasema kinyume chake. "Neno lako ni taa ya miguu yangu, Na mwanga wa njia yangu." Taa, mwanga, miguu, njia, yaani ni kama kina ila kina cha maana. Askofu mmoja Mwingereza, Robert Lowth, ndiye aliyelieleza vizuri hili kwenye mihadhara yake iliyochapwa 1753. Faida yake ni kwamba ukitafsiri haidondoki njiani. Kilio na furaha, usiku na asubuhi, vitakaa sawa kwa Kiebrania, kwa Kisukuma, kwa Kikikuyu, popote. Ndo maana ule mstari wa shangazi ulinikaa bila mimi kuukariri, nusu ya kwanza ilikuwa inaivuta nusu ya pili, kama methali vile, nikisema tu haba na haba we ushamalizia.

Na lugha yenyewe jamani. Biblia wengi wetu tuliyokua nayo ni ile Union Version ya 1952, iliyotengenezwa ili kuunganisha, mana kulikuwa na tafsiri ya Kiunguja na nyingine ya Kimvita. Kiswahili chake hakuna anayekiongea sokoni. "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, Sitaogopa mabaya." Nijapopita! Nionyeshe mtu anayesema nijapokuja kesho nitakupigia. Lakini bibi ambaye hajawahi kukaa darasani anaijua hiyo nijapopita na anaitumia mahali pake sawasawa, akiwa amelala wodini. Tafsiri za siku hizi ni rahisi kuelewa, nazisoma na nazipenda, ila usiku wa manane nikishtuka inayonijia ni ile ya zamani. Nadhani kwa sababu haifanani na maneno mengine yote niliyosikia mchana.

Halafu kuna suala la pumzi. Wamonaki, yaani watawa wa Kikristo, wa jangwa la Misri, hapahapa Afrika, karne ya nne huko, walikuwa na shida ambayo kila mtu mwenye simu anaijua, akili haitulii. John Cassian aliyekaa nao aliandika kwamba mzee mmoja, Abba Isaka, aliwafundisha dawa: chukua mstari mmoja tu, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima", Zaburi ya 70 mwanzo kabisa, useme ukifanya kazi, ukisafiri, ukila, ukilala, ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, ukijisikia umefanikiwa. Mmoja tu. Angalia ulivyo, unaisha kabla pumzi haijaisha. Mtu mwenye hofu hana uwezo wa kushika aya kumi, kichwa kimejaa, ila kitu cha pumzi moja anakimudu.

Na kile anachofanya shangazi kila alfajiri nacho kina historia yake. Mwaka 1728 kwenye kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti, walianza kupewa neno moja la kubeba siku inayofuata, ndugu wakawa wanalipeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu. Kuanzia 1731 likawa linachapwa kitabu kidogo cha mwaka mzima na mpaka leo halijakatika. Wamoravian ndio haohao waliofika Rungwe 1891, waulize watu wa Mbeya. Kwa hiyo shangazi yetu, ambaye wala si Mmoravian, ni mpeleka neno wa nyumba kwa nyumba tu ila miguu yake ni bando.

Sasa, nilipoona huu mstari mmoja umenisaidia nikawa kama mlevi, natafuta mingine, naweka stetasi, na hapo nilipotea kidogo. Chukua Yeremia 29:11, huu naweza kusema ndo bingwa, uko kwenye kadi za mahafali, kwenye kalenda, nyuma ya bajaji: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nikaujibandikia nikitegemea kazi ndani ya mwezi. Siku moja nikasoma sura nzima, tena kwa bahati nikaanzia ile ya 28 nyuma yake.

Kumbe ni barua. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza alishachukua mfalme wa Yuda na wakuu na mafundi akawapeleka Babeli. Kule wakawa wanaishi kama watu waliofungasha mabegi, wanasubiri kurudi. Na nabii mmoja, Hanania, akasimama hekaluni mbele ya watu akatangaza miaka miwili tu, ndani ya miaka miwili vyombo vinarudi, mfalme anarudi, akaivunja na ile nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni. Ujumbe mtamu kweli, mi ningekuwepo ningepiga vigelegele. Yeremia yeye anawaandikia wale wa Babeli kinyume kabisa: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, mji mliopelekwa uombeeni amani, kwa sababu ni miaka sabini. Sabini! Maana yake mtu mzima anayesikiliza ile barua ikisomwa anajua atazikwa Babeli. Halafu ndo mstari unaofuata tu, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi".

Na Kiswahili chetu hakifichi kitu hapo, ni ninyi, si wewe. Ni ahadi ya watu kwa ujumla wao, na wajukuu. Nilinyong'onyea kwanza, nikaona kama nimenyang'anywa mstari wangu. Baada ya siku kadhaa nikaona mbona sasa ndo una nguvu zaidi. Mimi nilikuwa Hanania, nimejipa mwezi mmoja, na nilikuwa naishi kwa kusubiri, hata kitasa cha mlango kilichoharibika sikukitengeneza eti nikipata kazi tutahama. Nikatengeneza kitasa. Nikapanda mchicha kwenye ndoo tatu pale uani. Mtaniona kichaa lakini nilikuwa natii Yeremia 29:5.

Ule wa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", sitakaa nao sana, nenda tu kasome mstari wa juu yake utakuta Paulo, mfungwa, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, mambo yote anayoyaweza yanaanzia na njaa. Wanaoutumia kwenye mitihani na mechi siwalaumu, ila ukikosa ulichokuwa unakitaka ndipo unapofaa zaidi.

Ila kuna kipande kimoja kifupi sana ambacho mtaani kwetu kimeandikwa kuliko vyote na wengi hatujui tunasoma nini: Ebenezer. Ebenezer Saluni, Ebenezer Hadweya, Ebenezer Chipsi. Linatoka 1 Samweli 7:12, Samweli anasimamisha jiwe baada ya kuwashinda Wafilisti, analiita Ebenezeri, jiwe la msaada, akisema "Hata sasa Bwana ametusaidia". Sasa rudi sura ya nne. Israeli walipiga kambi wapi kabla hawajapigwa vibaya, mara ya kwanza wakafa kama elfu nne, mara ya pili elfu thelathini na sanduku la agano likachukuliwa na mzee Eli akaanguka kwenye kiti akafa? Karibu na Ebenezeri. Jina lilelile! Katikati hapo sanduku lilishakaa Kiriath-yearimu miaka ishirini. Samweli hakutafuta jina jipya lisilo na historia, alichukua jina ambalo kila mjane alikuwa analijua. Na hilo neno "hata sasa" lisome taratibu, hasemi tumefika, anasema mpaka hapa tulipo. Mama mwenye saluni aliyeanza na draya moja ya mkopo akaandika Ebenezer pale juu ya mlango nadhani anaelewa kuliko mimi niliyesoma sura zote nne.

Nikasema shangazi hatumi maelezo. Mwaka juzi tulimpoteza mdogo wetu, ghafla, na mi nilikuwa mkoani, nikafika ameshapelekwa mochwari. Unajua ile sentensi inavyokutafuna, ningekuwepo. Msibani kila mtu ananiambia kazi ya Mungu haina makosa, ni mapenzi yake, na mimi naitikia amina huku ndani nimekauka. Asubuhi ya pili shangazi akatuma, tena si grupuni, kwangu peke yangu: Yohana 11:35. "Yesu akalia machozi." Maneno matatu, hata kwa Kigiriki ni matatu.

Nikaifungua sura yenyewe. Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki Yesu anamwambia "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye anakuja baadaye anasema yaleyale, bila shaka ndiyo waliyokuwa wanaambizana ndani siku zote nne. Na Yesu anajua anachokwenda kufanya, dakika chache mbele atamwita Lazaro atoke. Martha alishaambiwa ndugu yako atafufuka, ila Mariamu na waliokuwa wanalia naye angeweza kuwaambia nyamazeni, mtaona. Hakusema. Hakumwambia Mariamu ni mapenzi ya Mungu. Alilia kwanza, na watu waliokuwa pale wala hawakusikia fundisho lolote, walichosema ni "Angalieni jinsi alivyompenda."

Nilikuwa nimekaa kwenye turubai, viti vya plastiki, watu wanapanga mambo ya chakula cha wachimba kaburi. Nikaweka simu mfukoni nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe. Shangazi alikuwa hukohuko nyuma anamenya vitunguu, akanisogezea kigoda, hakuniuliza kitu.