Usiku wa kusi Muyeye: tuliyoambiana kwa jina la imani

Kusi ilikuwa imeshika, dau likavunjikia mwambani nje kidogo ya Malindi, na wavuvi wawili hawakurudi. Mke wa mmoja wao ni mama karanga, hukaanga samaki jioni huku Muyeye, na tunasali kanisa moja. Usiku ule tulikesha naye mkekani, yeye na mke wa yule mvuvi wa pili. Karai lilikuwa pale pale mlangoni na mafuta ya jana. Maneno niliyoyasikia hadi alfajiri yalisemwa kwa upendo, lakini mengi hayamo katika Biblia.

Dhana: Ukimtegemea Mungu, dhoruba haikufikii.

Yesu aliwaambia wanafunzi wake waziwazi: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo, mimi nimeushinda ulimwengu" (Yohana 16:33). Isaya naye anaandika, "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Maji yapo, na tutayapita. Tulichoahidiwa ni kwamba yuko nasi humo ndani.

Dhana: Kulia ni kukosa imani.

"Usilie, mwanangu, utamhuzunisha Mungu," mzee mmoja alimwambia. Mbona Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, hali alijua anakwenda kumfufua? Mbona Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini? Mwacheni mtu alie.

Dhana: Yeremia 29:11 inamaanisha taabu yako itakwisha karibuni.

Aya hii ya "mawazo ya amani" tunaipenda, nami naipenda. Ila ni sehemu ya barua iliyopelekwa kwa mateka waliokuwa Babeli, na aya iliyotangulia inataja miaka 70. Mistari michache kabla ya hapo wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Wengi wa waliosomewa barua ile walizikwa huko huko ugenini. Ahadi ilikuwa yao pia.

Dhana: Mwenye imani ya kweli hahitaji chakula, dawa wala msaada wa watu.

Hapa sisi wa Malindi hatuwezi kunyamaza. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Watu walifundishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Walidhani wanamtii Mungu, na hilo ndilo linaloniuma kila nikikumbuka.

Naomba kila anayehubiri imani asome Matendo 27 polepole. Merikebu aliyopanda Paulo ina watu 276, tufani imewapiga siku nyingi, na malaika ameshamwahidi kwamba hakuna atakayepotea. Mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua, Paulo anasema hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Ahadi imeshatoka, na bado mabaharia wanahitajika, na nanga nne zimeteremshwa! Siku ya 14 watu hawajatia kitu kinywani. Paulo hawaambii waendelee kufunga. Anawasihi wale, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Na rafiki yake Luka, anayetajwa katika Wakolosai 4:14, alikuwa tabibu.

Mama karanga wetu ana presha. Jirani mmoja alikuwa ameusukuma mfuko wa vidonge nyuma ya mto, eti vitazuia muujiza. Kabla ya kupambazuka dada mmoja aliutafuta kwa kupapasa, akachota uji, akamnywesha. Mama alikunywa akiendelea kuomba.

Dhana: Aliyeokoka ndiye aliyeombewa zaidi.

Asubuhi mume wake alionekana ufukweni upande wa Mambrui, amekumbatia ubao wa dau. Mwenzake hakurudi. Haikufika saa nne, tayari kuna waliokuwa wakisema maombi ya familia moja "yalifika".

Mke wa yule mwingine aliomba kwenye mkeka ule ule, usiku ule ule. Nilikuwa ubavuni pake. Waebrania 11 inawataja watu walioponyoka makali ya upanga, na mistari michache mbele inawataja waliouawa kwa upanga. Wote wanasifiwa kwa imani. Hakuna mstari unaosema wa pili waliamini kidogo.

Jumapili mama karanga aliitwa mbele kutoa ushuhuda. Alisema mume wake amerudi, akamshukuru Mungu, kisha akaomba jina la yule ambaye hakurudi litajwe kwanza katika maombi. Jioni alikaanga samaki wa mkopo, na sahani ya kwanza akaifunika kwa kawa, akaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenzake.