Uboho umejaa, damu haina kitu

Slaidi inayowachanganya wanafunzi wangu kuliko zote ni ya uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, wa mgonjwa wa mayelodisplasia, ugonjwa unaoufanya uboho utengeneze seli za damu zenye kasoro. Kipimo cha damu kimeonyesha upungufu, kwa hiyo wanatarajia uboho mkavu. Wakiinamia hadubini wanakuta umeshonana seli. "Sasa zinaishia wapi?" Zinafia humohumo. Ukituliza jicho utaviona viini vilivyosinyaa na kukatika vipande vyeusi vya mviringo, na kando yake makrofaji, seli ya kusafisha mabaki, iliyokwisha kumeza vingine.

Kifo hiki cha kupangwa, yaani apoptosisi, hakikuletwa na ugonjwa. Kilikuwapo, ugonjwa umekizidisha. Uboho mzima hutoa chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, na chembe changa nyingi huanza safari zisifike. Erithropoietini, homoni itokayo kwenye figo, wengi hudhani huzihimiza kuzaliana. Kazi yake kubwa ni kuzinusuru. Isipokuwapo, hujiua. Ndiyo maana figo zikishindwa kazi, damu hupungua hata kama uboho hauna kasoro.

Kuna na seli zinazogoma kufa. Katika limfoma ya folikuli, saratani ya chembe nyeupe za damu, kromosomu ya 14 na ya 18 hubadilishana vipande, na jeni ya BCL-2 ikaangukia mahali ambapo haizimwi. Mwaka 1988, David Vaux na wenzake huko Melbourne walionyesha kwamba jeni hiyo hairutubishi mgawanyiko wa seli, inazikinga tu na kifo. Kwangu mimi, hapo ndipo elimu ya saratani ilipogeuka.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zina kisa chao. Hazina kiini, ila huzaliwa na saa yake: protini ya BCL-xL, ndugu ya BCL-2, inayoifunga mikono BAK, protini inayoua seli. BCL-xL huchakaa mapema kuliko BAK, na baada ya siku 8 hadi 10 sahani huaga. Dawa ya saratani iitwayo navitoklaksi ilipiga BCL-2 na BCL-xL kwa pamoja, sahani za wagonjwa zikaporomoka. Molekuli ikachongwa upya iguse BCL-2 peke yake, ikazaliwa venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa lukemia sugu ya limfositi, saratani nyingine ya chembe nyeupe. Tunaianza kwa miligramu 20 na kupanda wiki baada ya wiki hadi 400, huku tukipima potasiamu na asidi ya yuriki, kwa sababu seli nyingi zikifa kwa mkupuo mmoja, mizoga yake huzielemea figo.