Nakala pacha inayotengwa kwa ajili ya bakapu: ni nini, na hutumikaje

Volyumu ya kimantiki ni eneo la hifadhi ambalo mfumo wa kompyuta huliona kama diski moja, hata kama data yake imelala kwenye diski mbili au tatu. Ukiiwekea nakala pacha, kila kinachoandikwa huingia kwenye diski zote kwa pamoja, na diski moja ikifa kazi haisimami. Ila upacha huo haumzuii mtu kukosea. Karani akifuta rekodi za wanachama saa nne asubuhi, zimefutika kwenye diski zote saa nne hiyohiyo.

Kutenga nakala ni kuitoa moja kati ya hizo pacha ili ibaki na data kama ilivyokuwa dakika ile. Seva inaendelea kuhudumia watu kwa nakala zilizobaki, bakapu inasomwa taratibu kutoka kwenye ile iliyotengwa, kisha nakala inarudishwa kundini. Iliyotengwa yenyewe si bakapu: bado imo ndani ya kasha lilelile la seva, inategemea umeme uleule, na ikiibwa seva nayo imekwenda. Bakapu ni kile kilichotoka humo kikapelekwa kwingine.

Tuchukue seva ya chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa zabibu huko Hombolo, Dodoma, yenye volyumu ya GB 500 iitwayo rekodi ndani ya kundi la diski liitwalo vg_data, kwenye Linux, ambako volyumu husimamiwa na programu iitwayo LVM. Swali la kwanza ni idadi ya nakala. Zikiwa mbili na ukatenga moja, muda wote wa bakapu chama kinaendeshwa kwa diski moja tu, na usomaji mrefu wa usiku ndio wakati ambao hutaki kubaki hivyo. Weka tatu:

lvconvert --type raid1 -m 2 vg_data/rekodi

Hiyo 2 ni nakala za kuongeza juu ya ile ya awali. Kila nakala ikae kwenye diski yake, na kila diski iwe na nafasi kidogo zaidi ya GB 500, kwa sababu kila nakala huja na kijisehemu cha kumbukumbu zake, kwa kawaida MB 4. Diski iliyojaa hadi ukingoni hukataliwa kwa kukosa hizo MB 4 tu, na wengi huhangaika kutafuta kosa kwingine.

Kabla ya kutenga, angalia usawazishaji kwa lvs -a -o name,copy_percent,devices. Subiri isome 100.00. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, GB 500 huchukua kama saa moja na dakika 20, na zaidi ikiwa watu wanaendelea kutumia mfumo.

Kutenga kwenyewe ni kwa sekunde chache, na hapo ndipo ubora wa bakapu huamuliwa. Data iliyo bado kwenye RAM haimo kwenye diski. Kwa hiyo gandisha mfumo wa faili kwanza, yaani data hiyo ishushwe diskini na uandishi usimame, tenga, kisha achilia:

fsfreeze -f /srv/rekodi
lvconvert --splitmirrors 1 --trackchanges vg_data/rekodi
fsfreeze -u /srv/rekodi

Ukiandika skripti, hakikisha mstari wa tatu unatekelezwa hata wa pili ukishindwa. Vinginevyo asubuhi watumishi watakuta kila kitu kimeganda. Usigandishe mfumo wa faili wa mzizi (/), ule wa mfumo wa kompyuta wenyewe: LVM huandika kwenye /etc/lvm wakati wa kutenga, na itajifunga yenyewe. Hifadhidata iliyotawanyika kwenye volyumu zaidi ya moja inahitaji pia kuwekwa katika hali yake ya bakapu, kwa PostgreSQL 15 na kuendelea ni pg_backup_start, kwa kuwa volyumu mbili haziwezi kutengwa kwa nukta moja.

Nakala iliyotengwa huitwa rekodi_rimage_2 na ni ya kusomwa tu. Mfumo wa faili ukiwa wa aina ya XFS, hukataa kuipachika (kuifungua ili isomwe) kwa sababu ina kitambulisho kilekile cha mfumo ulio hai, na pia hutaka kuchakata jarida lake, yaani orodha ya maandishi yaliyokuwa yakiendelea, jambo lisilowezekana bila kuandika. Pachika kwa mount -o ro,nouuid,norecovery. Kwa aina ya ext4 ni ro,noload.

Bakapu ikiisha, ipachue, kisha:

lvconvert --merge vg_data/rekodi_rimage_2

Kwa kuwa ulitumia --trackchanges, kinachonakiliwa ni sehemu zilizobadilika tu. Ukiiacha bendera hiyo, ni lazima utaje jina jipya kwa --name, na kinachotoka ni volyumu inayojitegemea. Hiyo hairudi tena; utaifuta na kunakili GB 500 upya.

Merge hii, yaani kuunganisha tena, huwachanganya waliozoea snapshot, ile picha ya volyumu ya dakika fulani inayotunza tu yaliyobadilika. Kwa nakala pacha, volyumu hai ndiyo inayoshinda na nakala hufuata. Kwa snapshot, amri hiyohiyo huirudisha volyumu hai nyuma, na kazi ya siku nzima hupotea. Snapshot pia hutegemea diski ya volyumu mama, hivyo diski ikifa vyote viwili vimekufa, na nafasi yake ikijaa haifai tena. Faida yake ni moja, lakini kubwa kwa chama kidogo: haihitaji diski ya tatu.

Mifumo ya zamani ina utaratibu huohuo kwa amri nyingine. AIX, Unix ya IBM, huruhusu hadi nakala tatu na hutumia splitlvcopy, au chfs -a splitcopy kwa mfumo wa faili ulio hai. HP-UX, Unix ya HP, hutumia lvsplit kutenga na lvmerge kurudisha, na nakala yake hukaguliwa kwa fsck kabla ya kupachikwa. Kwenye lvmerge, taja nakala kwanza na volyumu hai baadaye: cha kwanza ndicho kinachoandikwa juu. Ukivigeuza, data ya zamani inaifunika mpya.