Je, wajua? Punje nzima ya haradali haina ukali

Chukua punje moja ya haradali ya kahawia, ile ndogo isiyozidi milimita mbili, uiweke ulimini bila kuitafuna. Hata ukiizungusha mdomoni nusu dakika, haiwashi. Sasa iume. Kwanza unapata ladha kama ya njugu, yenye uchungu kidogo, kisha ghafla ukali unapanda puani na machozi yanakulengalenga.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukali huo umo ndani ya punje tangu shambani, kama ulivyo wa pilipili. Nilipotaka haradali kali, nilimimina maji yanayochemka juu ya unga wake, nikidhani joto litautoa ukali kama linavyotoa rangi ya majani ya chai. Nilipata uji mchungu usiowasha. Kosa langu lilikuwa la msingi: katika punje nzima ukali bado haujatengenezwa. Pilipili ni jambo jingine. Kapsaisini, kemikali inayoifanya iwashe, imo tayari katika tunda. Ulikaushe, ulisage, ulichemshe, litawasha tu. Tena kapsaisini haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo hung'ang'ania ulimi na midomo. Ukali wa haradali ni mvuke, ndiyo maana hukimbilia puani na kutoweka upesi.

Fikiria ile gundi inayouzwa katika mirija miwili. Kila mrija peke yake haugandishi kitu; ukivichanganya vilivyomo, kazi inaanza. Katika haradali ya kahawia, mrija wa kwanza ni sinigrini, kemikali tulivu iliyobeba salfa na sukari. Wa pili ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, kiitwacho mirosinasi, kilichotengwa katika seli zake. Meno yanabomoa kuta, mate yanavikutanisha. Kimeng'enya kinaikata ile sukari, na kipande kinachobaki kinajipanga upya kuwa alili isothiosayaneti, ambayo ndiyo ukali wenyewe.

Ndiyo maana unga mkavu hauna harufu kali: kuta zimebomoka, lakini maji hayapo. Na maji yanayochemka? Hayo huharibu kimeng'enya. Mrija wa kwanza unabaki umejaa, wa pili umekufa. Punje zinazokaangwa nzima kwenye mafuta hubaki na ladha ya njugu kwa sababu hiyo hiyo. Tumia maji baridi, usubiri kama dakika 10 hadi 15, kisha tia siki. Asidi hupunguza kasi ya kimeng'enya, kwa hiyo ukiiwahisha utapata haradali pole. Ukiitia ukali ukiwa kileleni, huusaidia kudumu.

Mmea haukubuni haya kwa ajili ya mezani. Ni silaha dhidi ya wadudu watafunao, nayo hufyatuliwa na taya za mdudu mwenyewe. Hata hivyo, kiwavi wa nondo wa mgongo wa almasi, msumbufu mkubwa wa kabichi, ana kimeng'enya chake kinachoibadilisha sinigrini kabla mirosinasi haijaifikia, akaendelea kula kwa raha zake. Jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Mmea wenyewe, Brassica juncea, ni chotara wa haradali nyeusi na jamaa wa tanipu. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea Woo Jang-choon alieleza hesabu yake: jozi 8 za kromosomu, zile nyuzi za seli zinazobeba urithi, kutoka upande mmoja na 10 kutoka mwingine, jumla 18. Mbegu hukamuliwa mafuta, majani ni mboga.

Wakulima wengine huupanda ili waufukie ardhini, wakitumaini mvuke ule utaua minyoo na kuvu wa udongoni. Katika maabara huua kweli. Mashambani matokeo hutofautiana sana. Mmea uliokatwa vipande vikubwa hubaki na seli nyingi zisizovunjika, na ukiachwa juani kabla ya kufukiwa, mvuke hupotelea hewani. Wanaotaka matokeo huusaga hadi utepete, huufukia papo hapo, kisha humwagilia.