Je, wajua kikundi cha ngoma Mbeya hupata wapi mtaji?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kila mkoa una baraza lake la sanaa, lenye fungu la kuwagawia vijana. Si kweli, na wengi bado wanaamini hivyo. Kosa hili lina gharama: kikundi kinaandika barua ya kuomba msaada, kinaipeleka kwa ofisa utamaduni na kusubiri mpaka wachezaji wanatawanyika. Tanzania Bara ina baraza moja, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Huku mikoani na wilayani linawategemea maofisa utamaduni. Ofisa huyo hukitambua kikundi, hukielekeza kwenye usajili na hukiita kwenye sherehe za serikali. Mtaji uko mlango mwingine.

Mlango huo ni halmashauri. Tangu 2018 sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024.

Anayelima mpunga Mbarali ataelewa upesi. Maji ya mfereji hupita shamba la juu ndipo yashuke la chini. Wa juu akiyazuia, wa chini anakauka. Vivyo hivyo, marejesho ya kikundi cha leo ndiyo mkopo wa kikundi cha kesho. Kwa hiyo swali la kwanza dirishani huwa: mtarejesha kwa kipato gani?

Hapo ndipo wasanii wengi hukwama. "Kudumisha mila" ni jambo jema, lakini halirejeshi mkopo. Chukua kikundi cha ing'oma, ngoma ya jadi ya Wanyakyusa, kule Tukuyu, kwenye mvua nyingi. Ngozi hunywa unyevu, ikalegea, mlio ukafifia; kabla ya kucheza lazima ngoma ziegeshwe kando ya moto mpaka ukigonga kwa kidole ziitike. Zikikaa mno, ngozi hupasuka. Yote hayo ni hesabu halisi: bei ya ngozi mpya, kuni, sare, nauli ya kwenda harusini, na malipo ya harusi yenyewe. Yakiandikwa hivyo kwenye andiko la mradi, ofisa wa mikopo ambaye hajawahi kushika ngoma anaona biashara.