Afande, chupa hiyo ina nini?

Alikuja asubuhi na mapema, nikiwa bado nafuta vumbi, akajishika kwenye kaunta kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa likimchuruzika ilhali jua halijapanda. Ni mzee mstaafu wa jeshi, mteja wangu wa siku nyingi. Mtaa mzima unamwita Afande. Mimi ni mfamasia. Duka langu la dawa liko chini ya kilima cha Old Kampala, upande wa Kisenyi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha hapo: Mkongomani, Msomali, askari, dereva wa lori.

Nilimtoboa kidole kupima sukari ya damu, kipimo kikasoma 3.1 (milimoli kwa lita). Kwa mtu anayemeza vidonge vya kisukari, sukari ikiwa chini ya 4 si jambo la kusubiri. Nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akanywa, tukakaa dakika 15, nikampima tena. Mikono ilipoacha kutetemeka nikamuuliza amekula nini.

"Bado sijala, binti yangu. Nimekunywa dawa tu."

Akatoa mfukoni mwa koti chupa ya maji ya nusu lita. Ndani mlikuwa na maji ya kijani, mazito, yenye povu juu na vipande vya majani yaliyopondwa vimetuama chini. Nikaonja tone moja kwa ncha ya ulimi na sikuhitaji kuuliza zaidi. Ilikuwa mululuza, uchungu wake unakaa kooni hadi mchana.

Wanasayansi huuita mmea huo Vernonia amygdalina, na katika majaribio ya wanyama wa maabara umeonekana kushusha sukari ya damu. Afande naye alikuwa anameza glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Vitu viwili vinavyoshusha sukari vimeingia pamoja, na tumbo ni tupu. Kliniki anakochukulia vidonge hawakujua habari za chupa hiyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona haja ya kusema. "Hayo ni majani tu," aliniambia.

Neno hilo "majani tu" huniuma kila nikilisikia. Jani lenye nguvu ya kutibu lina nguvu ya kudhuru pia, na ndiyo maana naliheshimu. Bibi yangu alituogesha kwa mmea wa bombo, na kikohozi kikitushika alitutafunisha gome la mti wa mukuzanume linalowasha kama pilipili. Wizara ya Afya ina taasisi yake ya kuchunguza dawa hizi pale Wandegeya, na tangu 2019 tuna sheria ya tiba za asili. Nchi yetu haijazidharau. Sisi watumiaji ndio tunaozinywa bila kipimo, tena kwa siri.

Tulipomaliza habari ya chupa, nikamuuliza Afande kwa siku anatembea kiasi gani. Akacheka. Jeshini alikuwa anapiga mguu kutoka alfajiri. Siku hizi bodaboda inamchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Asubuhi chai ya vijiko vinne, mchana matoke na posho, yaani ugali, sahani moja, kisha kiti cha plastiki kibarazani mpaka magharibi.

Hapo ndipo ilipokuwa dawa yake kubwa. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, bila kungojea insulini iufungulie mlango, na kazi hiyo huendelea kwa saa kadhaa hata baada ya kupumzika. Misuli mikubwa kuliko yote ni ya mapaja na makalio, yaani ile ile anayoikalia kutwa nzima. Ndiyo maana mwendo wa dakika 10 au 15 mara tu baada ya kula unapunguza ule mruko wa sukari unaofuata sahani ya posho. Presha nayo hushuka kidogo kidogo kwa mtu anayetembea kila siku, kwa kuwa mishipa hujifunza kulegea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Wastani maana yake unaweza kuzungumza na mwenzako ila kuimba huwezi. Hapa Kampala hatuhitaji mashine, tuna vilima. Nilimpangia Afande apande kutoka dukani kwangu hadi lango la Msikiti wa Kitaifa baada ya chakula cha mchana, taratibu, akiwa na peremende mfukoni endapo sukari itashuka. Kwa ajili ya misuli, akae kwenye kile kiti chake cha plastiki na kuinuka bila kujishikiza kwa mikono, mara 10, apumzike, arudie. Akanikumbusha kwamba Aprili 2020 Rais Museveni alionekana kwenye video akikimbia peku ofisini mwake na kupiga pushapu 30. Nikamwambia pushapu zitangoja, tuanze na kiti.

Jikoni kwangu mitishamba haikosekani. Mchaichai, ambao Waganda huuita kisubi, nauchemsha jioni na kuunywa bila sukari, na kwa kweli faida yake kubwa kwangu ni kuchukua nafasi ya ile chai ya vijiko vinne. Tangawizi husaidia kichefuchefu, hata cha mimba changa. Kitunguu saumu nakitia kwenye mboga ili nipunguze chumvi, maana chumvi haifai kuzidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Lakini ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usianze kumeza saumu nyingi kabla hujamwambia daktari.

Mjamzito namwomba aache shubiri ya kunywa, na ile emumbwa, vidonge vya udongo uliochanganywa na mitishamba, asiitumie kabla ya kumwonyesha mkunga. Baadhi ya mimea tunayowapa wajawazito hukaza mfuko wa uzazi, na hakuna anayejua kipande kimoja kina kiasi gani.

Kuhusu malaria sina mjadala. Homa ikija, kapime, na ukikutwa nayo meza dawa mseto yote, siku tatu. Chai ya artemisia, mmea unaotoa artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto, ukijichemshia ina kiasi kidogo cha dawa kinachobadilika kila kikombe: vimelea havifi vyote, na vinavyobaki vinajifunza. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea ambavyo tayari vinachelewa kufa kwa artemisinini. Mtoto mwenye homa hana muda wa kungojea majani.

Afande ana lile daftari la shule ambalo sisi Waganda tunakwenda nalo hospitali, jalada limelainika kwa kushikwa. Siku ile nililifungua mbele yake, chini ya orodha ya vidonge, nikaandika: "Mululuza, nusu glasi, asubuhi, kabla ya kula. Ameacha kwa sasa." Nikamwambia ukurasa huo auweke mbele ya daktari kabla hajaulizwa chochote. Alirudi baada ya wiki mbili. Daktari alikuwa amebadilisha kidonge, na pembeni ya mwandiko wangu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Kilima, mara ngapi?" Chini yake Afande mwenyewe alikuwa amejibu kwa mkono unaotetemeka kidogo: mara tisa.